Mjusi Kafiri na Kijana wa Picha ya Ndege

Mahali ninapokaa panaitwa Picha ya Ndege. Ni kituo katika Barabara ya Morogoro, ndani ya mji wa Kibaha. Kila mzee niliyemwuliza asili ya jina hili alinipa hadithi yake, na kwa kuwa hakuna hadithi mbili zilizofanana nimeziacha zote. Ninachokijua ni kwamba hapa ndege amependwa hata picha yake ikawa jina la mahali, ilhali mnyama atambaaye kwa tumbo hana pa kujificha. Akionekana, fimbo huja kabla ya swali.

Nataka kuzungumza na msomaji juu ya kijana mmoja jirani yangu, ambaye jina lake nitalihifadhi. Mwaka 2019 alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitatu, fundi wa kuchomelea milango na mageti, mpole, mwenye vidole vyenye makovu ya moto. Nyuma ya nyumba ya mama yake alikuwa na tangi la maji lililopasuka, amelifunika kwa wavu na kulitia matawi, na humo walikaa vinyonga watatu. Uani walitembea kobe wawili. Ndani ya chumba chake mlikuwa na sanduku alilolitengeneza mwenyewe kwa vioo vya madirisha yaliyovunjwa, na ndani ya sanduku alilala nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia, asiye na sumu, wa aina ile inayofuata panya majumbani. Hakumwuza mnyama hata mmoja wala hakumtibu mtu kwa mnyama hata mmoja. Alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika siku nyoka alipokula na siku alipojivua gamba. (Gamba hilo ndilo ambalo mwaka 2011 tulilisikia sana kwenye majukwaa ya siasa. Yule nyoka alijivua kimyakimya, na kila alipojivua lilitoka kweli.)

Mimi nilikuwa nikienda kumtazama jioni. Alinionyesha jinsi kinyonga anavyolizungusha jicho moja huku na jingine kule, nami nikamwambia kuwa kisiwani kwetu wazee humwita lumbwi. Alifurahi kuliandika neno hilo katika daftari lake. Baada ya hapo aliniita mwalimu, ingawa shule niliiacha mapema na yote niliyoyajua niliyaokota vitabuni.

Kisha mtoto wa nyumba ya tatu akashikwa na degedege usiku. Alikimbizwa hospitali na, namshukuru Mwenyezi Mungu, alipona. Lakini kabla hajapona kulikuwa na kikao chini ya mwembe, na shauri la kikao lilikuwa lile sanduku la vioo. Nilitaka kucheka, maana wazee wa pwani walisema tangu zamani kuwa degedege huletwa na dege, yaani ndege mkubwa wa usiku, na jina lenyewe ladhihirisha hivyo. Basi katika mtaa uitwao Picha ya Ndege, kosa la ndege lilitwishwa nyoka. Sikucheka. Nyuso zilizokuwa pale hazikuwa za kuchekewa.

Swali la kwanza lililoulizwa halikuwa la mtoto wala la nyoka. Mzee mmoja aliuliza, "Huyu kijana kabila gani?" Likaonekana kuwa swali la haki kabisa. Mtu akasema pengine ni Msukuma, maana Wasukuma hucheza na nyoka na hilo linajulikana, na kama ni Msukuma basi hiyo ni ngoma ya kwao na ina miiko yake. Niliona mabega ya watu yakilegea kidogo. Lakini mama wa kijana, Mzaramo wa Kisarawe, alisimama akasema kwamba baba wa mtoto alikuwa Mkwere na amezikwa Bagamoyo, na kwamba hakuna Msukuma yeyote katika ukoo. Alidhani anamtetea mwanawe. Mabega yakakaza tena. Kabila lilikuwa ndilo ufafanuzi wa mwisho wenye heri uliobaki, na alipoliondoa hakikubaki kitu isipokuwa uchawi. Akauliza mwingine: "Basi kafundishwa na nani?" Na baadhi ya macho yakanigeukia mimi.

Hapa inanipasa kueleza jambo ambalo wasomaji wa visiwani wanalifahamu. Ukivuka bahari ukaishi bara, wewe ni Mpemba, hata kama ulizaliwa Makunduchi na Pemba hujawahi kutia mguu. Na Mpemba, kwa fikra za wengi wa huku, hakosi jini ndani ya chupa. Kwa miaka mingi nimebeba utani huo kwa uzuri, nikauzia nao hata mashairi. Siku ile chini ya mwembe haukuwa utani. Nilijua kuhusu yule nyoka mengi kuliko yeyote pale ila mwenyewe. Nilijua kuwa hana sumu. Nilijua habari ya daftari. Nikainama nikatazama viatu vyangu, na kikao kikaamua bila mimi. Nyoka aliuawa jioni ile kwa jembe. Vinyonga walimwagiwa mafuta ya taa wakachomwa pamoja na matawi yao.

Sasa niwarudishe nyuma, kwenye miaka ya 1990, nilipokuwa kijana mgeni hapa Kibaha nikitafuta riziki kwa ukalimani. Palikuwa na Mjerumani aliyepanga nyumba upande wa Maili Moja. Sebuleni mwake alikuwa na masanduku ya vioo mpaka kwenye dari, na ndani yake chatu, swila, kifutu, kenge na nyoka ambao sikupata kuwajua majina. Watoto walimletea nyoka ndani ya ndoo zenye mifuniko na akawapa shilingi. Nilikuwa nikikaa mlangoni, kwa maana ndani nilikataa kuingia, nikitafsiri: amepatikana wapi, saa ngapi, alikuwa juu ya mti au chini. Mtaa ule ule, na baadhi ya watu wale wale waliokaa baadaye chini ya mwembe. Kulikuwa na watoto wenye degedege miaka ile pia. Hakuna aliyemwita Mjerumani mchawi. Walimwita mtaalamu, na alipopita walisema, "Wazungu bwana!" wakatikisa vichwa na kuendelea na safari.

Kwa muda mrefu nililitazama jambo hili kama watu wengi wanavyolitazama, yaani kwamba tumezoeshwa kumtukuza mzungu na kujidharau wenyewe. Siku hizi sina hakika kuwa hilo latosha. Nikiisikiliza tena ile "Wazungu bwana," sisikii heshima tupu ndani yake. Ni maneno ya kumtoa mtu katika hesabu. Tulimsamehe Mjerumani kwa sababu hatukumhesabu kuwa mmoja wa watu wanaopaswa kufanana nasi. Alikuwa nje ya adabu zetu kama mvua ilivyo nje ya adabu zetu. Kijana alihukumiwa kwa sababu alikuwa wetu. Basi ubaguzi huu una pande mbili ambazo hazilingani hata kidogo. Mgeni alinyimwa ujirani na akaachiwa wanyama wake. Mwenyeji alipewa ujirani ukamgharimu kila kitu. Wala gharama hiyo si ndogo katika nchi ambamo vikongwe wameuawa, hasa Usukumani, kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini.

Mjerumani wangu hakuwa wa kwanza. Kusini mwa nchi hii aliishi C.J.P. Ionides, Mwingereza wa ukoo wa Kigiriki aliyezaliwa mwaka 1901. Alikuja kuwa bwana nyama katika nchi ya Liwale, kisha katika uzee wake akahamia Newala akikamata nyoka, hasa wale wa kijani wenye sumu kali wakaao juu ya miembe na mikorosho. Watu walimwita Bwana Nyoka. Kabla hajafa mwaka 1968 alikuwa ameandikiwa kitabu na Alan Wykes mwaka 1960, na kingine na Margaret Lane mwaka 1963, naye mwenyewe akaandika cha maisha yake. Simwonei wivu, kwani alikuwa mtu shujaa na wa ajabu. Lakini wakulima wa Newala ndio waliokuja mlangoni kwake kumwambia nyoka yupo mti gani. Mtu awezaye kumwona nyoka wa kijani katika jani la kijani, akasimama chini yake akimlinda asiondoke mpaka mwenye fimbo ndefu afike, naye ana ujuzi, na pengine ana mapenzi. Mapenzi hayo hatukuyaandikia kitabu. Twayaita msaada.

Na Wasukuma je, ambao mtaa wangu uliwategemea kama kimbilio? Ni kweli kwamba huko Usukumani wapo Wayeye, chama cha waganga na wawinda nyoka, na ngoma yao ya nyoka imewavutia wengi katika makumbusho ya Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza. Ila mtu hazaliwi Myeye. Huingizwa, huchanjwa dawa, hufundishwa kwa muda. Msukuma ambaye hakuchanjwa hukimbia nyoka mbio zile zile nikimbiazo mimi. Kwa hiyo hata pale tulipodhani tunaona damu ya kabila, palikuwa na shule.

Kwa nini basi ni vigumu hivi kwetu kukubali kuwa mtu mmoja, asiye na ngoma wala shahada, anaweza kumpenda mjusi kwa kumpenda tu? Kama mfasiri nimewahi kutaabika na neno. Waingereza wana hobi, nasi siku hizi tumelichukua hivyo hivyo, au twasema uraibu. Kwa bibi yangu uraibu ulikuwa tambuu na tumbaku, kitu kinachokutawala, na sijui kama alikosea. Lakini kukosa neno moja si kukosa jambo. Katika miji yetu ya pwani wapo wafugao njiwa wasiowala wala kuwauza, wanaokesha kwa ajili ya jozi moja iliyochelewa kurudi. Hatuwaulizi kabila. Njiwa amesamehewa. Taabu yetu haiko kwenye kupenda kusiko na faida, iko kwenye aina ya kinachopendwa.

Na hapo lawama ya kwanza naiweka kwenye baraza letu sisi washairi. Nani aliyemfanya kinyonga kuwa mnafiki? Nani aliyemfanya nyoka kuwa rafiki msaliti, na kenge kuwa asiyesikia mpaka atoke damu? Tumeishi kwa mifano hiyo. Hata mjusi mdogo wa ukutani, anayekula mbu wetu bila ujira, tumempa dini tukamwita mjusi kafiri, kwa kisa kinachosimuliwa kwamba alipuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahimu. Simjadili mwenye imani yake juu ya kisa hicho. Nastaajabia lugha tu: katika nyumba zetu hata aliyening'inia darini ametiwa katika kundi la watu, na akishatiwa humo haangaliwi tena alivyo. Siku mtu mwenye mwili na jina anapomshika mmoja wa wanyama hawa mkononi, matusi yote tuliyoyaweka juu ya mnyama huteremka yakampanda yeye. Mjerumani aliponyoka kwa sababu hakuijua lugha hiyo na haikumjua. Kijana aliizaliwa.

Kuna kejeli hapa isiyonipa usingizi. Mwaka 2006 wanasayansi Tilbury, Tolley na Branch waliwatenga baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki wakawapa jina jipya la jenasi: Kinyongia. Wamelitoa katika Kiswahili. Neno letu limeingia katika majina ya Kilatini, limekaa katika vitabu vya dunia nzima kwa heshima, na mwenye kulisema kwa lafudhi ya nyumbani, tangi lake la matawi likachomwa moto.

Barabara ipitayo mbele ya Picha ya Ndege yatoka Morogoro kwenda Dar es Salaam, na imepitisha mengi. Chini ya milima ya Uluguru upo msitu mdogo wa Kimboza, na humo anaishi mjusi asiyezidi urefu wa kidole, ambaye dume lake ni buluu kama anga baada ya mvua. Loveridge alimwelezea kisayansi mwaka 1952. Makazi yake ni kwenye majani ya mti wa jamii ya mkadi; ndiyo, wasomaji wangu wa Unguja na Lamu, jamii ya mkadi ule ule ambao mama zetu wanautia vikubani. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walimpenda mjusi huyu hata wakakaribia kummaliza. Utafiti uliochapishwa baadaye ulikadiria kuwa kundi moja tu la wakusanyaji, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, lilitoa msituni zaidi ya mijusi 30,000, na mara nyingi mikadi ilikatwa ili kuwafikia. Bila shaka walipita hapa, wakiwa vifuko ndani ya maboksi, wakielekea kwenye ndege. Ndege nyingine, si ile ya picha.

Waliokata mikadi ile walikuwa wanavijiji, na malipo yao yalikuwa kidogo. Katika safari nzima ya mjusi, mtu mweusi alikuwa mkono wa kushika na mtu mweupe akawa jicho la kupendezwa. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaouita jeraha, kuliko hata ile tofauti ya bei. Uharibifu uliitwa umaskini wa Mwafrika, na mapenzi yakaitwa utamaduni wa wengine, ilhali mapenzi hayo ndiyo yaliyotuma shoka. Mwaka 2016 Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka huo huo mkutano wa mataifa ulimwingiza mjusi wa Kimboza katika orodha ya viumbe wasioruhusiwa kuuzwa kibiashara. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki mikononi mwao, na kelele zikawa nyingi hata ikasimamishwa mara moja. Nilifurahi iliposimamishwa. Hata hivyo nilijiuliza ni wangapi kati yetu tuliopiga kelele tungeweza kumtazama mmoja wa wanyama hao usoni.

Wala asidhani mtu kwamba ni Afrika peke yake mapenzi ya viumbe yana rangi. Tarehe 25 Mei 2020, katika bustani ya Central Park mjini New York, Mmarekani mweusi Christian Cooper alikuwa akitazama ndege kwa darubini. Alimwomba mwanamke mweupe amfunge mbwa wake kamba kama kanuni za pale zilivyotaka, na mwanamke akawapigia simu polisi akidai kwamba mtu mweusi anamtishia. Mtu mweusi mwenye darubini hakueleweka, kama mtu wa Kibaha mwenye sanduku la vioo. Siku chache baadaye vijana weusi wapenda viumbe walianzisha wiki ya watazama ndege weusi, na mmoja wa waandaaji wake, Chelsea Connor wa kisiwa cha Dominica, ni mtaalamu wa mijusi. Nimependa kwamba alitokea kisiwani.

Mtu ataniambia: lakini kijana wako alivunja sheria. Ni kweli. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kwa anayemweka mnyama wa porini, na kibali hakina kabila wala rangi. Kama kikao kile kingeuliza kibali kiko wapi, ningeinua kichwa changu na kusema kikao kimeuliza vyema, na Mjerumani naye angepaswa kuulizwa. Hakuna aliyeuliza. Sitaki pia kujificha nyuma ya hoja kwamba nyoka wote ni wema. Kifutu mmoja nyuma ya banda la kuku ni kifo cha mtoto, na mama anayemwogopa hahitaji somo kutoka kwangu. Hofu yake ni ya haki. Kilichonishinda kuvumilia ni pale hofu ilipoacha kumtazama nyoka ikaanza kuutazama ukoo.

Kijana aliondoka juma lile kwenda kwa mjomba wake Kisarawe. Alikuja kuniaga, akanisalimia kwa shikamoo kama kawaida, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuipenda. Tulisimama kidogo. Akasema, "Mwalimu, wewe ulikuwa unajua." Hakuongeza neno. Sikuwa na la kujibu, na leo bado sinalo. Nimejaribu kulitunga mara nyingi, na kila likija huja na vina, nikalifuta.

Wale kobe wawili walisahauliwa katika ghasia. Mmoja sikumwona tena. Wa pili alipenya michongoma akaingia kwangu, na asubuhi humkuta chini ya mlimao. Kibali sina. Nimeshakwenda kuulizia mara mbili, na nitakwenda ya tatu. Juzi mjukuu wa yule mzee aliyeuliza kabila alisimama kwenye ua, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Babu, huyo kobe ni wa dawa?"

Nikamwambia anakula mchicha. Akaenda kuuleta.